Kitabu Nacho Kiende Shambani



Mwaka wa shule umekwisha. Mbao zimefutwa, milango imefungwa, na wana wetu wamerudi nyumbani wakichukua karatasi za maendeleo yao. Wengine wamezitoa kwa furaha, wengine wamezificha chini ya mkeka. Wale wa Darasa la Saba walifanya mtihani wao tangu mwezi wa Septemba, na shule kwao imekwisha zamani kidogo. Twawashukuru walimu waliovumilia mwaka mzima, wa mjini na wa vijiji vya mbali, na wazazi waliouza mpunga wao ili mtoto apate sare na madaftari. Mungu awalipe.

Lakini mwezi huu hatutaki kusema mengi juu ya siku zilizopita. Twataka kusema juu ya siku zijazo, maana ndizo zitutiazo hofu.

Ninyi nyote mwajua desturi ya bonde letu. Mvua zikianza, jamaa nyingi za Ifakara na Idete, za Namwawala, Minepa na Lupiro, hufunga mizigo yao. Hutwaa majembe, vyungu, mikeka, vyandarua na kuku, wakahamia mashamba ya mpunga yaliyo mbali katika mbuga. Huko husimamisha dungu, hulima, hupanda, huamia ndege mchana na kulinda nguruwe-mwitu usiku. Wengine hawarudi kijijini mpaka mavuno, mwezi wa Mei au Juni. Desturi hii si mbaya. Ndiyo iliyowalea baba zetu, na ndiyo itulishayo hata leo. Hatuandiki ili kuilaumu.

Hatari yake ni hii: likizo ya shule ni ya majuma machache, bali mpunga ni wa miezi mingi. Mtoto aondoka Desemba bila kitabu. Januari yafika, shule yafunguliwa, naye yu mbugani bado, kwa kuwa mkono wake watakiwa. Februari yapita. Hata akirudi darasani, wenziwe wamekwenda mbele, naye aona haya. Mtoto mwenye haya hukaa nyuma, kisha huanza kukosa siku moja moja, kisha haji tena. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyetaka mambo haya yawe. Yalianza siku ile mizigo ilipofungwa, na kitabu kikaachwa.

Tazameni njia ya miguu katika mbuga. Wakati wa kiangazi watu huipita kila siku, nayo huwa nyeupe, hata mgeni aiona. Isipokanyagwa mwezi mmoja wa mvua, majani huifunika, na mwenye kuijua hupapasa. Kusoma ni vivi hivi, hasa kwa wadogo wa Darasa la Kwanza na la Pili, ambao herufi bado ni mpya kwao. Tena wengi wao hawasemi Kiswahili nyumbani. Husema Kindamba, Kipogoro, Kibena au Kisukuma, nazo ni lugha njema zipasazo kutunzwa. Lakini mtoto asiyesikia Kiswahili wala kukiona katika maandishi kwa muda mrefu, akirudi shuleni ana kazi mbili: kuikumbuka lugha, na kuzikumbuka herufi.

Basi twasema: mizigo ikifungwa, kitabu nacho kiende shambani.

Tukisema hivi, twajua majibu tutakayopewa. Ni matatu, nasi twataka kuyajibu moja moja kwa heshima.

Jibu la kwanza ni hili: mtoto amesoma mwaka mzima, mwacheni apumzike. Ni kweli, mtoto yampasa kupumzika, kucheza, kuvua samaki na kuzijua kazi za wazee wake. Hatumtaki akae na kitabu mchana kutwa. Lakini mwenye kuamia ndege aijua saa yake. Ndege hushuka shambani asubuhi na jioni. Jua likiwa la utosi nao hukaa kivulini. Saa hiyo mtoto yu dunguni, hana la kufanya ila kusinzia. Asome kurasa mbili tu, kisha alale. Kurasa mbili kila siku hazimchoshi mtu, nazo kwa mwezi ni sitini, yaani kitabu kizima cha watoto, na pengine viwili.

Tena kazi haipigani na kitabu. Mwalimu Nyerere alipokuwa na kazi ya kuongoza nchi changa, alipata nafasi ya kuifasiri michezo ya Shakespeare kwa Kiswahili, mmoja ukatoka mwaka 1963 na mwingine mwaka 1969. Ikiwa mtu mwenye shughuli za nchi nzima alipata saa ya kitabu, mtoto mwenye shughuli za ndege hakosi.

Jibu la pili ni zito zaidi, tena hutoka mara nyingi kwa akina mama: sisi wenyewe hatujui kusoma, tutamsaidiaje mtoto? Ndugu zetu, ikumbukeni habari iliyomo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mtu mmoja wa Afrika, mwenye cheo kikubwa kwa malkia wa Waethiopia, alikuwa akirudi kutoka Yerusalemu, ameketi garini, akisoma kitabu cha nabii Isaya. Yu safarini, lakini anasoma. Filipo alimsikia, kwa kuwa alisoma kwa sauti. Basi akamwuliza kama ayafahamu ayasomayo. Na yule mkubwa hakuona haya kusema kwamba ahitaji mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda, akaketi karibu naye. Kabla ya safari ile kwisha, msomaji alikwisha kubatizwa.

Angalieni aliyoyafanya Filipo. Hakumnyang'anya mtu yule kitabu ili amsomee. Alisikiliza, akauliza, akaketi karibu. Kusikiliza hakutaki herufi. Mama asiyejua hata alifu aweza kumwambia mwanawe, “Nisomee, nami nitasikiliza nikipepeta.” Kisha amwulize: Mtu huyo alikwenda wapi? Kwa nini alikasirika? Wewe ungalifanyaje? Mtoto akishindwa kujibu, atarudi kutazama katika kitabu chake, na kule kurudi ndiko kujifunza. Twawaambieni, mtoto aliyesomea wazazi wake mwezi mzima huinua kichwa chake. Ameona kwamba elimu yake ina kazi nyumbani.

Na hapa twasema neno kwa ninyi mlio katika mafundisho, mnaongoja ubatizo siku za Pasaka. Pasaka hutukuta mpunga ungali shambani, nasi makatekista hatuwezi kufika kila dungu. Mkimchukua mtoto pamoja na kitabu cha katekisimu, mmechukua mwalimu mdogo. Asome swali, baba ajaribu kujibu, wote wawili wapate faida. Kwa baba kufundishwa na mwanawe si aibu. Aibu ni kuwa na taa nyumbani na kukaa gizani.

Jibu la tatu: hatuna vitabu. Hili nalo ni kweli kwa nyumba nyingi, wala hatulikatai. Vitabu vya shule hubaki shuleni, na vya kununua vyataka fedha, nazo fedha mwezi huu huenda katika mbegu na vibarua. Lakini yako mambo yawezekanayo.

Mosi, madaftari ya mwaka uliopita yasifanywe karatasi za kufungia karanga. Ndani yake mna hadithi, hesabu na masomo ambayo mtoto aliyaandika kwa mkono wake. Hicho ni kitabu chake cha kwanza.

Pili, jumuiya ndogo ndogo zisaidiane. Nyumba moja ina kitabu cha hadithi, nyingine ina Agano Jipya, nyingine ina magazeti ya zamani. Vibadilishwe kila Jumapili watu wakutanapo kwa sala. Aandikwe mtu mmoja wa kukumbuka nani amechukua nini. Hata gazeti hili letu, likiisha kusomwa, lisifungiwe sandukuni, lipewe jirani.

Tatu, na hili twalipenda kuliko yote, mtoto na aandike. Kila dungu lina bibi au babu mwenye hadithi: za sungura na fisi, za viboko na mitumbwi, za mafuriko makubwa, za jinsi ukoo ulivyofika bondeni. Bibi na asimulie jioni, mtoto aandike kesho yake mchana, kisha amsomee bibi yale aliyoyaandika. Bibi atamsahihisha: “Sivyo, fisi hakusema hivyo.” Likizo ikiisha, nyumba ile isiyokuwa na kitabu ina kitabu, tena kitabu kisichopatikana dukani. Kalamu moja na daftari moja hazizidi nguvu za mtu aliyepanda mpunga.

Mkiisha kukipata kitabu, kitunzeni. Mbuga ina unyevu, na mchwa hawabagui. Kitieni katika mfuko wa nailoni, mkitundike juu penye hewa, mbali na moto na mahali panapovuja. Asitumwe mtoto kusoma usiku kwa kibatari chenye moshi. Mwanga wa Mungu wa mchana watosha.

Wapenzi wasomaji, haya si mambo mapya katika bonde letu, nasi hatukuyapata kwa urahisi. Misioni ya Kwiro, huko milimani Mahenge, ilianzishwa na Wabenedikti mwaka 1902. Baada ya vita kuu ya kwanza wakaja Wakapuchini wa Uswisi, waliofika nchini mwaka 1921. Katika vijiji mafundisho ya dini na ya herufi yalikwenda pamoja, mkatekista akifundisha yote mawili katika banda la nyasi, na watoto wakiandika mchangani kwa vidole. Hata hivyo uhuru ulipopatikana mwaka 1961, walio wengi kati ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi na babu wengi wakakaa darasani baada ya kazi ya shamba. Mwaka 1977 elimu ya msingi ikatakiwa ifikie watoto wote wa nchi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu kila mzazi kumpeleka mtoto wake shule.

Basi urithi huu umechukua zaidi ya miaka mia. Umenunuliwa kwa jasho la watu waliotembea kwa miguu kutoka mlimani hata mtoni. Haifai upotee kwa sababu ya mzigo mmoja uliosahauliwa.

Limebaki neno moja, nalo ndilo kubwa. Kitabu cha likizo ni kizuri, lakini hakiwi badala ya shule. Wazazi, kabla ya kuondoka, kaeni mkubaliane: Januari ikifika, nani atarudi kijijini na watoto? Wengine huwaacha watoto wadogo peke yao katika nyumba, wajipikie na kujilinda, ili wasikose shule. Nia yao ni njema, lakini jambo hili lina hatari nyingi, za moto, za maradhi na za watu wabaya, hasa kwa wasichana. Na aonekane mtu mzima: bibi, shangazi, au jirani mwema. Wasimamizi wa ubatizo, hii nayo ni kazi yenu. Hamkusimama kanisani siku ile ili mpigwe picha tu. Mtoto wa ubatizo wako akipata mahali pa kulala na bakuli la ugali karibu na shule kwa miezi michache, umetimiza ahadi yako.

Nanyi baba, msiseme kwamba binti akae shambani, kaka yake arudi. Mpunga haumchagui mlinzi kwa kuwa ni msichana, na herufi hazimkatai msomaji kwa sababu hiyo. Wala safari isiwe udhuru. Zamani watu wa ng'ambo ya Kilombero walingoja pantoni, na mto ukijaa walingoja zaidi. Sasa liko daraja, urefu wake mita 384, na mtoto wa Minepa au Lupiro aweza kuvuka mvua ikinyesha. Serikali imeuvusha mto. Kumrudisha mtoto shuleni ni kazi yetu wazazi.

Ninyi watoto wetu mnaosomewa haya, au mnaoyasoma wenyewe, twawapeni kazi ya likizo. Someni kurasa mbili kila siku. Mwombeni mzee mmoja hadithi moja, mkaiandike. Na Jumapili, mkiwa mbali na kanisa, mmoja wenu awasomee watu wa dunguni Injili ya siku ile, polepole na kwa sauti. Mwakani mtakaporudi, leteni madaftari yenu kwa katekista wenu ayaone. Tutafurahi kuyasoma, nasi twadhani tutajifunza mengi ya fisi na sungura ambayo hatukuyajua.

Mungu abariki mbegu zenu ardhini, na herufi katika mioyo ya watoto wenu. Noeli njema kwenu nyote, mlio vijijini na mlio mbugani. Kwa herini.