Wanawake Hamsini wa Ngomeni

Wengi wetu tumewapeleka watoto Ngomeni, Mji wa Kale. Wakapanda juu ya mizinga, wakapigwa picha, tukarejea nyumbani. Juma hili tungependa kuwazungumzia wanawake ambao habari zao husimuliwa kwa nadra pale.

Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kuta zake hazikusimamishwa juu ya udongo. Ulichaguliwa mwamba wa matumbawe ukingoni mwa kisiwa, penye mlango wa bandari, ukachongwa, na kuta zikainuliwa juu yake. Upande wa mjini buruji mbili zimetokeza nje, hata mlinzi aliye katika moja huuona ukuta wote mpaka ya pili, na adui akiukaribia hapati pa kujificha. Upande wa bahari ulingoja merikebu kutoka Goa. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu: merikebu zikichelewa, kuta hazilishi mtu.

Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizingira. Wenyeji walioshirikiana na Wareno waliingia ndani, miongoni mwao Bwana Daud wa Faza na jamaa zake. (Vita hivi huelezwa kuwa vya Waislamu na Wakristo, kumbe Waislamu walikuwa pande zote mbili za ukuta.) Maradhi yakaingia, wakafa wengi. Mwishoni mwa Agosti 1697 akafariki kapteni Mreno, na uongozi ukamwangukia Bwana Daud. Aliobaki nao ni jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50.

Hebu tuirudie hesabu hiyo. Katika kila watu watatu waliosalia, takriban wawili walikuwa wanawake. Merikebu ya msaada ilipowasili katikati ya Septemba, ngome ilikuwa haijatekwa. Ilikuja kuanguka Desemba 1698.

Cairati anatajwa kwa jina, na Bwana Daud pia. Wale wanawake wanatajwa kwa idadi tu, na sisi twaona hilo ni deni.

Mtakapokwenda tena na watoto, wapandisheni buruji mojawapo ya upande wa mjini, wautazame urefu wa ukuta, kisha waambieni ni watu wangapi walioulinda, na ni akina nani.