Gitaa la Mataruma ya Ngazi Lichongwe Gishubi

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, yeyote kati yenu aliyepata kuishi kambini aijua thamani ya gitaa jioni bendera ikisha kuteremshwa. Ajua vile vile kwamba gitaa la dukani, lililoundwa kwa mbao za tabaka, halimalizi misimu miwili ya mvua katika vilima vyetu. Gundi huachia, shingo hupinda, na chombo kilichonunuliwa kwa michango ya kikosi kizima huishia kuwa kuni. Kwa hiyo twatoa rai: maseremala wa Gishubi wapewe kazi ya kuunda upya gitaa la zamani, lile ambalo mataruma yake hupangwa kama vipandio vya ngazi.

Gitaa hilo si la kifahari. Viwanda vya Chicago na Jersey City, huko Marekani, viliyatoa kwa maelfu kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya watu wasio na fedha nyingi. Nako Afrika ya Kusini kampuni ya Gallo iliuza magitaa ya bei nafuu yenye jina la Gallotone. Kijana John Lennon alipiga moja la hayo huko Liverpool mwaka 1957, na ndani yake mlikuwa na kibandiko cha kudhamini kwamba halitapasuka. Askari hawakuwa mbali na historia hii. Fundi Konde wa Kenya alipiga gitaa katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa vita hivyo, akafika hata Burma. Naye Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville (ndiyo Likasi ya leo) mwaka 1952, alionyesha jinsi gitaa moja lisilo na umeme, kwa kidole gumba na cha shahada tu, linavyoweza kujaza uwanja.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Ubao wa uso una unene wa milimita 3 hivi. Nyuzi sita za chuma, hata zikiwa nyembamba, huvuta kwa nguvu ipatayo kilo 70, yaani uzito wa mtu mzima. Magitaa mengi ya siku hizi huzuia mvuto huo kwa mataruma mawili yanayopishana kama herufi X, mtindo uliostawi Marekani tangu miaka ya 1840. Katika gitaa la ngazi mataruma hukingama tu, sambamba, kutoka ubavu hadi ubavu. Udhaifu wake hatuufichi: baina ya tundu la sauti na daraja la nyuzi, uso huweza kudidimia. Dawa ni kuzifunga nyuzi kwenye kipande cha chuma mkiani mwa gitaa, ili daraja libebe mgandamizo tu, lisivutwe.

Watatokea mafundi watakaosema, basi tuweke X tumalize udhia. La hasha! Atakayefanya hivyo ataunda gitaa jingine. Sauti ya gitaa la ngazi ni kavu, hutoka upesi na kukoma upesi, kama amri ya gwaride. Noti moja haiikanyagi nyingine. Ndiyo inayotafutwa.

Kuhusu mbao, mgrivilea umejaa vilimani na wafaa kwa mgongo na mbavu. Msipresi waweza kujaribiwa kwa uso. Umuvugangoma tuuachie ngoma, zile ambazo watu wa Gishora, karibu na mji wa Gitega, wamezilinda hata UNESCO ikaiorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014.

Lakini kuna jambo linalotutia wasiwasi kuliko mataruma yote: haraka. Seremala wetu hupasua gogo Jumatatu na kuuza kitanda Jumamosi, na kitanda humvumilia. Gitaa halivumilii. Mbao sharti zipangwe kivulini, zitenganishwe kwa vijiti, zikae kiangazi kizima au zaidi. Tena uso ugundishwe wakati wa ukavu, kati ya Juni na Agosti, kwa maana mbao zilizogundishwa mvua ikinyesha hunywea Julai zikapasuka, na hapo hakuna kibandiko kitakachosaidia.

Subira hiyo ina gharama, na seremala mwenye watoto hawezi kuibeba peke yake. Hapa ndipo tunapowaomba wakuu wa vikosi watoe malipo ya awali wakati wa kupasua mbao, wasingoje chombo kikamilike. Tungependa pia askari aliyekaribia kustaafu, ambaye amekwisha kuzoea randa na patasi katika karakana ya kambi, aruhusiwe kukaa na fundi katika miezi hiyo ya kiangazi. Mbao zikipangwa sasa, gitaa la kwanza laweza kugundishwa kiangazi kijacho.