Usimtoe Mtoto Kwenye Kiswahili Ili Apate Alama za Kiingereza



Kila ripoti za shule zinapotoka, sisi walimu wa Jumamosi hupokea ujumbe wa aina moja. Mzazi anaandika kwa heshima kabisa: mtoto ameshuka kwenye somo la Kiingereza, kwa hiyo wameamua apumzike Kiswahili kwanza, Jumamosi awe anakwenda masomo ya ziada. Wengine huongeza na methali juu: mshika mawili moja humponyoka.

Nawaelewa. Wengi wetu hapa Minneapolis na Saint Paul, kuanzia Brooklyn Park hadi Burnsville, tunafanya kazi usiku na mchana ili hawa watoto wafike mbali. Mtoto wa darasa la saba akileta alama mbaya, mzazi anaona safari yote ya kuja huku iko hatarini. Lakini naomba niseme wazi maoni yangu: kumtoa mtoto kwenye Kiswahili hakumpandishi kwenye Kiingereza. Utampunguzia lugha moja, na ile nyingine itabaki pale pale.

Soma ripoti kabla ya kuogopa

Kazi yangu ya kila siku ni uuguzi. Mgonjwa akija na presha iko juu, hatukimbilii kusema huyu anaumwa. Tunampumzisha, tunapima tena, tunauliza kama amelala, kama amepanda ngazi mbio, kama amemeza dawa zake. Kipimo kimoja kinatuambia tuulize zaidi. Alama ya shule ni hivyo hivyo.

Sisi tumekulia kwenye mitihani. Wenzetu wa Kenya wanaikumbuka KCPE, iliyoanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023: insha ilisahihishwa kwa alama 40, na mtihani mmoja uliamua uende shule gani. Sisi wa Tanzania tunaukumbuka mtihani wa darasa la saba. Ndiyo maana tukiona alama tunaona hukumu. Huku, katika shule ya kati, yaani darasa la sita hadi la nane, alama ya somo la Kiingereza hujengwa kidogo kidogo kwa muhula mzima. Kuna kazi ndogo ndogo za mazoezi, ambazo mwalimu anazitumia kuona nani ameelewa na nani bado. Kuna na kazi kubwa za mwisho wa mada, kama insha au mradi. Walimu wengi humruhusu mtoto kuandika upya insha yake akapandisha alama. Watoto wengi hawawaambii wazazi wao jambo hilo!

Kwa hiyo, kabla ya kugomba, fungua programu ya shule kwenye simu yako uangalie alama imeshuka wapi. Mara nyingi utakuta mtoto hakushindwa Kiingereza: hakuwasilisha kazi nne, zikawekewa sifuri. Hiyo ni dawa nyingine kabisa, na haihusiani na Kiswahili. Angalia pia shule yenu inatumia mfumo gani. Baadhi ya shule huandika herufi, nyingine huandika 1 hadi 4. Kwenye mfumo huo wa pili, 3 kwa kawaida maana yake ni kwamba mtoto amefikia kiwango cha darasa lake. Mzazi aliyezoea asilimia anaiona 3 kwa 4 kama 75, anamgombeza mtoto aliyefanya vizuri.

Kisha kuna mitihani ya jimbo. MCA ya kusoma hufanywa majira ya kuchipua na watoto wa darasa la tatu hadi la nane, na tena darasa la kumi. Hiyo inaonyesha mtoto amefikia viwango vya jimbo kiasi gani. Sheria ya Minnesota haimzuii mtoto kumaliza sekondari kwa sababu ya alama za MCA. Wale wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya ziada hufanya pia ACCESS wakati wa baridi. Huo hupima mambo manne, kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na kila moja lina alama yake, kuanzia 1.0 hadi 6.0. Msiangalie ile ya jumla tu. Mtoto anaweza kuwa juu sana kwenye kuzungumza na chini kwenye kuandika, na mzazi akashangaa: mbona anaongea kama Mmarekani?

Jibu lake linajulikana. Mtaalamu wa elimu wa Kanada, Jim Cummins, ameeleza kwa miaka mingi kwamba lugha ya mazungumzo mtoto huipata haraka, kwa kama miaka miwili, lakini lugha ya darasani, ya kueleza, kulinganisha na kutetea hoja, huchukua miaka mitano au zaidi. Ameeleza pia kwamba uwezo huo wa kufikiri kwa lugha hauishi kwenye lugha moja tu. Mtoto aliyejifunza kupanga hoja kwa Kiswahili hahitaji kuanza upya kwa Kiingereza, anahitaji maneno.

Sisi tuliosoma Tanzania tunalijua hili kwa miili yetu. Ulitoka darasa la saba ukiwa na akili zako zote, kidato cha kwanza ukakuta vitabu vyote ni vya Kiingereza. Ulikaa kimya mwezi mzima. Akili ilikuwepo, maneno ndiyo hayakuwepo. Aliyekuwa amezoea kusoma na kujieleza vizuri kwa Kiswahili ndiye aliyesimama haraka.

Somo hili mnalijua tayari

Wazazi wengi huniambia hawawezi kumsaidia mtoto kwenye somo la Kiingereza kwa sababu Kiingereza chao ni cha kazini. Jamani, mnakumbuka somo la Kiswahili? Kulikuwa na ufahamu, ufupisho, sarufi na insha. Somo la Kiingereza la shule ya kati ni hayo hayo. Mtoto anasoma kifungu au kitabu, anaeleza wazo kuu, kisha anaandika aya yenye mambo matatu: dai, ushahidi kutoka kwenye kitabu, na maelezo ya jinsi ushahidi ule unavyothibitisha dai. Mwalimu anasahihisha kwa jedwali la vigezo, na vigezo vingi kwenye jedwali lile ni vya kufikiri.

Chukueni mfano wa kitabu cha Linda Sue Park kiitwacho A Long Walk to Water, kilichotoka mwaka 2010, ambacho shule nyingi za kati husoma. Kinamhusu Salva, mvulana wa Sudan Kusini aliyekimbia vita mwaka 1985 akiwa na miaka 11, akatembea hadi Ethiopia, baadaye hadi Kenya, akafika kambi ya Kakuma. Swali la mwalimu linaweza kuwa: Salva amebadilikaje? Mtoto anaandika sentensi moja, kwamba Salva amekuwa jasiri, kisha anaishiwa.

Mwite jikoni wakati unapika, muulize kwa Kiswahili. "Nani kasema ni jasiri? Umejuaje?" Atakwambia kwamba jangwani jamaa yake Jewiir alimwonyesha kichaka kilicho mbele, akamwambia atembee mpaka pale tu, kisha wakachagua kingine. Huo ni ushahidi. Muulize tena: "Sasa hilo linaonyesha nini?" Atafikiri, atasema kwamba miaka baadaye, Salva alipowaongoza wavulana wengi kwenda Kenya, alikumbuka ushauri ule wa kwenda hatua moja moja. Kwa hiyo aliyekuwa akiongozwa sasa anaongoza. Hayo ndiyo maelezo. Aya imekamilika, kwa Kiswahili, sufuria ikiwa bado jikoni. Sasa mwache akaiandike kwa Kiingereza.

Tena kuna familia kati yetu zilizoishi Kakuma. Mtoto wa familia kama hiyo ana mtu nyumbani anayejua foleni ya maji na vumbi la Turkana. Hakuna mwalimu wa masomo ya ziada atakayempa hilo. Lakini akipoteza Kiswahili, atazungumza nini na bibi yake kuhusu Kakuma?

Msifiche lugha ya nyumbani

Kuna jambo lingine ninalolisikia kwa sauti ya chini. Wakati wa kuandikisha mtoto, shule hutoa fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Wazazi wengine huandika Kiingereza tu, wakihofia mtoto atawekwa kwenye darasa la wanaojifunza Kiingereza. Ni sawa na mgonjwa anayemficha nesi dawa anazotumia. Fomu ile peke yake haimpeleki mtoto popote. Baada yake mtoto hupimwa Kiingereza chake kwanza. Akionekana anahitaji msaada, shule inapaswa kumpa, na mzazi ana haki ya kuukataa msaada huo akiona haumfai. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua tangu mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha, bila msaada wowote, si kumtendea sawa na wengine. Haki hiyo wengine waliipigania. Tuitumie.

Na kwenye mkutano wa wazazi na walimu, omba mkalimani mapema. Ni haki yako, na hulipi kitu. Hospitalini haturuhusiwi kumtumia mtoto kuwa mkalimani wa mzazi wake, isipokuwa kwa dharura. Shuleni nako si busara. Mtoto wa miaka 12 akitafsiri alama zake mwenyewe, utasikia habari njema tupu. Ukifika pale, uliza maswali matatu tu. Mtoto wangu anaweza nini sasa ambacho mwanzo wa muhula hakuweza? Ni kigezo gani kinamshusha? Naomba nione insha moja aliyoandika. Insha ile itakwambia mengi kuliko herufi ya kwenye ripoti.

Kwa upande wetu

Haki ni pande mbili. Mzazi anayetoa saa tatu za Jumamosi ana haki ya kuona faida yake. Nyimbo, salamu na ngano za Sungura na Abunuwasi ni nzuri, na wadogo wanazihitaji. Lakini mtoto wa miaka 13 anataka kitu cha kutafuna. Ninapendekeza kwamba kwa darasa la wakubwa, kila Jumamosi tutenge dakika 30 za hoja. Tunasoma hadithi fupi au habari ya gazeti kwa Kiswahili, kila mmoja anatoa dai, anaonyesha ushahidi, anaeleza. Wiki ya mwisho ya mwezi wanaandika aya moja. Tusahihishe kwa jedwali la vigezo kama lile la shule zao, na aya irudi nyumbani mzazi aione. Ninaomba kamati ilizungumze hili kwenye kikao kijacho.

Faida nyingine iko mbele. Tangu sheria ya mwaka 2014, Minnesota huwapa wanafunzi wa sekondari wanaothibitisha uwezo wao katika Kiingereza na lugha nyingine muhuri wa lugha mbili, wa dhahabu au platini. Vyuo vya mfumo wa Minnesota State hutoa krediti za masomo kwa muhuri huo, yaani mwanafunzi anaanza chuo akiwa na sehemu ya masomo ya lugha ameshaimaliza bila kulipa ada yake. Lakini hupimwa kusoma na kuandika pia, si kuongea tu. Mtoto aliyeacha Kiswahili darasa la saba hatakirudisha kwa wiki mbili akiwa darasa la kumi na mbili. Muulizeni mshauri wa shule ya sekondari mnayoitazamia jinsi Kiswahili kinavyopimwa kwao.

Sisemi masomo ya ziada ni mabaya. Kuna watoto wanaoyahitaji, hasa walioingia nchini karibuni au waliokosa shule miaka kadhaa safarini. Wapelekeni. Maktaba zetu nyingi, Hennepin na Saint Paul, zina msaada wa bure wa kazi za nyumbani baada ya saa za shule siku za katikati ya wiki. Jumamosi si lazima iguswe.

Nanyi wanangu mnaosoma hapa, neno kwenu. Najua wengine mnakasirika mnapoambiwa mje Jumamosi wakati rafiki zenu wamelala. Najua pia wapo wanaojiona wajinga kwa sababu ya alama ya insha. Alama ile inasema umeandika nini wiki ile. Haisemi wewe ni nani wala unaweza kufika wapi. Ukipewa nafasi ya kuandika upya, ichukue. Usipojua uanzeje, mwambie mama, baba au bibi kwa Kiswahili unachotaka kusema, kisha kaandike.

Jumamosi ijayo, njooni na insha moja ya Kiingereza iliyosahihishwa, hata kama alama yake si nzuri. Hasa kama si nzuri. Tutaisoma pamoja, tutatafuta dai liko wapi na ushahidi umekosekana wapi, na tutazungumza kwa Kiswahili. Wazazi mnaoweza kubaki nusu saa, bakini. Chai ipo.

Mwalimu wa kujitolea, darasa la wakubwa