Baraza la Mwalimu: Breki za Trela Zinapokaidi



Majira ya joto yaliyopita, kijana mmoja wa jamii yetu hapa Marekani alijitolea kuihamisha familia kutoka jimbo moja hadi jingine. Vyombo vilipakiwa katika trela kuukuu la ekseli mbili. Baba, mama na mtoto mchanga wakaketi naye garini. Katika mteremko wa barabara kuu akakanyaga breki. Gari lilipunguza mwendo, trela halikupunguza. Likalisukuma gari kwa nyuma mithili ya fahali aliyekata kamba, likaanza kuyumba. Alhamdulillahi, mteremko uliisha mapema, wakasalimika.

Jumamosi aliniletea trela hilo uani. "Shikamoo Mwalimu. Kidhibiti cha breki garini kinaonyesha kwamba kila kitu ni sawa."

"Marahaba mwanangu," nikamjibu. "Kidhibiti kinakwambia kuwa trela limeunganishwa. Hakikwambii kuwa breki zinashika."

Kwa kuwa wengi wetu humiliki au huazima matrela ya namna hii, naona vyema tufahamishane.

Ndani ya ngoma ya kila gurudumu mna sumaku ya umeme. Ukikanyaga breki, kidhibiti hupeleka umeme kwenye sumaku. Nayo hung'ang'ania uso wa ngoma inayozunguka, huburutwa nayo, na kwa kuburutwa huvuta mkono unaosukuma viatu vya breki. Katika plagi ya pini 7, kwa desturi umeme huo huenda kwa waya wa buluu na kurejea kwa waya mweupe, ambao ni waya wa ardhi. Njia ya kurudi ikiharibika, ile ya kwenda haina faida. Lakini mwenye trela wa kabla yako huenda alibadili rangi. Kwa hiyo pima, usikisie.

Kwanza, zuia magurudumu kwa magogo, kisha safisha pini za plagi. Mwenzio asukume wenzo wa mkono wa kidhibiti, nawe upime kwenye plagi ya gari baina ya buluu na nyeupe. Volti zipande hadi karibu 12. Zisipopanda, ubovu umo garini: tazama fyuzi, kidhibiti na nyaya zake.

Kwetu zilipanda. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Waya ulioliwa na kutu huweza kuonyesha volti 12 pasipo mzigo, kisha ukashindwa pale kazi inapoanza. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na waya nao hujulikana kwa mzigo. Kwa hiyo tuliunganisha trela, tukasukuma wenzo, tukapima kwenye nyaya za sumaku zenyewe. Tulipata volti 4 tu.

Volti 8 zilipotelea wapi? Hesabu yake ni ya darasani. Sumaku moja ya breki za inchi 10 au 12 huwa na ukinzani wa omu 3.2 hivi, sumaku 4 kwa pamoja ni omu 0.8. Kutu yenye omu 1.6 tu njiani hula thuluthi mbili za nguvu yote. Tukapima, breki zikiwa zimewashwa, baina ya waya mweupe kwenye plagi na fremu ya trela. Mita ikaonyesha 8, mahali ambapo ilipasa kukaribia sifuri. Bolti iliyoushika waya mweupe kwenye fremu ilikuwa imefunikwa na kutu. Tulikwangua chuma hadi kikang'aa, tukafunga bolti mpya na kupaka grisi. Volti zikarudi. Na usitegemee kiungo cha kuvutia trela kiwe njia ya umeme.

Ingekuwa gurudumu moja tu limegoma, tungechomoa nyaya za sumaku yake na kuipima pekee. Sifuri ni shoti. Mita isipoonyesha njia kabisa, waya wake umekatika. Na hitilafu inayokuja na kuondoka kila trela lirukapo shimo, itafute katika waya upitao ndani ya bomba la ekseli, kwani huko husuguliwa hadi ukachubuka. Badilisha waya mzima. Usiusokote na kuufunga utepe.

Mwisho ni swichi ya dharura, ile yenye pini iliyofungwa kwa kamba kwenye gari. Trela likichomoka, pini hutoka na betri ya trela hushika breki. Ili kuijaribu, chomoa kwanza plagi ya gari, kisha vuta pini: magurudumu yasizunguke. Betri ya kijana wetu ilikuwa imekufa, naye hakujua. Siku ile ya mteremko hakuwa na kinga ya kwanza wala ya pili.

Kabla ya kupakia, endesha polepole katika uwanja mtupu na usukume wenzo peke yake. Ukihisi trela linalizuia gari, nenda salama. Usipohisi, usipakie watu wala vyombo, hata kama wenyeji wanakusubiri.

Mwenye swali anione baada ya sala ya Ijumaa. Nina mita mkobani.

Wassalaam.