Historia ya Mtu Mweusi Si Bidhaa ya Dukani

Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Chichester, kusini mwa Uingereza, kilisimamisha kupokea wanafunzi wapya katika kozi yake ya uzamili juu ya historia ya Afrika na ya Waafrika waliotawanyika duniani. Mwalimu wake, Profesa Hakim Adi, Mwingereza wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kuwa profesa wa historia nchini humo, akapoteza kazi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Birmingham. Birmingham City University, iliyoanzisha mwaka 2017 shahada ya taaluma za watu weusi, ya kwanza ya aina yake katika Ulaya nzima, iliamua kuifunga. Kote kuwili sababu ikawa moja: wanafunzi ni wachache, kozi hailipi.

Hoja hiyo imevikwa joho la hesabu, na hesabu humtisha msomi kuliko rungu. Lakini ni hoja ya mwenye duka. Mtoto mweusi wa Uingereza hupita miaka yake yote ya shule bila historia ya watu wake kuwa somo la lazima. Hutengewa mwezi mmoja, Oktoba, desturi iliyoanza London mwaka 1987. Novemba ikiingia, picha za ukutani zinabanduliwa. Akifika umri wa chuo kikuu asipoichagua historia ambayo hakuwahi kuonyeshwa, wakubwa wanatangaza kwamba haina wateja! Aliyemnyima mkulima mbegu leo anamsuta kwa ghala tupu.

Na ni nini hasa kinachoitwa hakina soko? Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mwaka 1833, lilitenga fidia ya paundi milioni 20. Mtumwa hakupata hata senti. Walilipwa mabwana, kwa kupotelewa na "mali" yao, na mtumwa mwenyewe akalazimishwa kuendelea kumtumikia bwana yule yule, kwa jina jipya la uanagenzi, hadi mwaka 1838. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa. Mwaka 2018 Wizara ya Fedha ya Uingereza ilitamka, tena kwa majivuno, kwamba deni lile lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba dereva wa basi aliyetoka Jamaika na muuguzi aliyetoka Barbados walikatwa kodi miaka nenda miaka rudi ili kulipia fidia ya watu waliowamiliki babu zao. Wangapi kati yao walijua? Majina ya waliolipwa yalikuwa yamelala katika daftari za serikali, mpaka wanahistoria walipoketi na kuyachambua, jina kwa jina. Hiyo ndiyo kazi ya somo hili. Si ajabu kwamba wapo wanaoona afadhali lisiwe na wanafunzi.

Wako pia wasomi wa Kiafrika watakaodai kwamba huo ni ugomvi wa Waingereza na vyuo vyao. Kasumba hiyo inasahau mengi. Mkutano wa Umajumui wa Afrika uliowakutanisha Nkrumah, Kenyatta, Padmore na Du Bois mwezi Oktoba 1945 ulifanyika Manchester, haukufanyika Accra wala Nairobi. Tena Walter Rodney, mwana wa Guyana, alipozuiwa kurejea Jamaika mwaka 1968 kwa kosa la kuwafundisha historia watu wa vibanda, alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake mashuhuri juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972 na wachapishaji wawili kwa pamoja: Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, na Bogle-L'Ouverture, nyumba ndogo ya wachapishaji weusi wa London iliyozaliwa kutokana na hasira ya kufukuzwa kwake Jamaika.

Nyumba ile haikuwa na bodi ya wahasibu wala ruzuku ya serikali. Vyuo vilivyofunga kozi hizi vina vyote viwili. Wanafunzi wa Adi, kwa upande wao, hawakukubali kuhesabiwa kama magunia ya chumvi. Baadhi yao walianza hatua za kisheria dhidi ya chuo chao.