GESI YA MAGARI IJE, LAKINI MFANYA KAZI AFUNDISHWE KWANZA



Twataka kusema neno juu ya gesi ya kuendeshea magari. Huenda wengine wakauliza: watu wa reli, tena watu wa Makwasinyi, wana habari gani na gesi ya malori? Jibu letu ni hili. Kijiji chetu kiko chini ya mlima Kasigau na gari la moshi halipiti huku. Kijana akitaka mshahara hushuka Maungu, Voi au Mombasa. Mmoja huingia reli, nduguye huwa utingo wa lori, na baadaye akijaliwa huwa dereva. Nyumba moja inakula kwa reli na kwa barabara. Kwa hiyo jambo linalogusa tenki la lori linagusa sufuria zetu.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, maana wengi wakisikia gesi hufikiri mtungi wa jikoni. Gesi ya mtungi wa jikoni hutokana na mafuta, na ikivuja ni nzito kuliko hewa, hulala chini sakafuni. Gesi tunayoisema hapa ni gesi asilia, inayochimbwa ardhini au chini ya bahari. Hiyo ni nyepesi kuliko hewa. Magari huitumia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuishindilia kwa nguvu nyingi katika mitungi minene ya chuma. Njia ya pili ni kuipoza mpaka baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, ikawa maji. Ikishakuwa maji hupungua sana, hata mapipa 600 ya gesi huingia katika pipa moja. Ndiyo sababu malori ya safari ndefu hupendelea njia hii ya pili, kwa kuwa mitungi ya gesi iliyoshindiliwa ni mizito na haimfikishi dereva mbali.

Jambo hili si hadithi. Majirani zetu wa Tanzania waligundua gesi kisiwani Songo Songo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inatumika Dar es Salaam. Mwaka 2015 bomba kubwa la kutoka Mtwara lilifunguliwa. Leo bajaji, teksi na magari ya watu binafsi mjini Dar es Salaam yanatembea kwa gesi iliyoshindiliwa, na kiwanda cha saruji cha Dangote huko Mtwara kimeyatia malori yake gesi hiyo hiyo. Bei ya kilo moja imekuwa karibu nusu ya bei ya lita moja ya petroli, na kilo moja huliendesha gari mwendo mrefu kuliko lita moja. Basi si ajabu kwamba vituo vilipokuwa vichache, watu walipanga foleni ndefu kungoja zamu yao. Kule China malori yanayotumia gesi iliyopozwa ni laki kadhaa.

Je, itafika kwetu? Tarehe 4 Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja Nairobi kuonana na Rais Uhuru Kenyatta, serikali mbili zilitia sahihi makubaliano juu ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam mpaka Mombasa. Makubaliano si bomba, hayo twayajua. Lakini gesi haingoji bomba peke yake. Ikishapozwa yaweza kuletwa kwa meli au kwa lori. Na barabara itakayopita ikitoka Mombasa kwenda bara ni hii hii ya Mackinnon Road, Maungu na Voi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Basi sisi twasema nini? Hatusemi gesi isije. Mwenye lori akipunguziwa bei ya mafuta, na mzigo ukapungua nauli, unga na sukari huko Rukanga na Makwasinyi huenda vikashuka bei. Tena moshi wa gesi hauna masizi kama ule wa dizeli, na anayeuvuta moshi wa dizeli kutwa ni utingo na mwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Twasema tu kwamba gesi isije juu ya migongo ya watu wasiofundishwa, wala isije kama mwizi usiku, wafanya kazi wakashtukia imekwisha ingia.

Tuna sababu ya kusema hivyo. Watu wa reli tumekwisha yaona mageuzi ya moto. Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na injini za kwanza zilikula kuni. Baadaye yakaja mafuta mazito. Mwaka 1955 na 1956 zikaletwa zile injini kubwa 34 za Garratt, zilizopewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Moja, Mount Gelai, ipo mpaka leo katika makumbusho ya reli Nairobi. Kisha ikaja dizeli. Dizeli haikutaka mchochea moto, wala mwoshaji wa bwela, wala kibarua wa kuwasha moto alfajiri. Dizeli haikuwa na ubaya kwa nafsi yake. Lakini kazi za watu zilikwenda na mvuke. Kila moto mpya una watu wake, na wale wa moto wa zamani wasipofundishwa kazi mpya mapema, huambiwa asante na mlango hufungwa.

Sasa tutazame hatari, kwa maana huku ndiko maisha yaliko. Mtu aliyezoea kujaza dizeli hushika mpira wa pampu kwa mkono mtupu, na dizeli ikimmwagikia hujifuta kwa kitambaa. Gesi iliyopozwa ikimgusa ngozi huunguza kama moto kwa ubaridi wake. Anayeijaza lazima avae glavu za kazi hiyo, ngao ya uso, na nguo za kufunika mikono na miguu. La pili, gesi hii iliyopozwa haina harufu. Ile harufu inayotuonya kwenye mtungi wa jikoni hutiwa kwa makusudi, na katika gesi baridi namna hii haiwezi kutiwa. Kwa hiyo pua haikuokoi. Panatakiwa chombo cha kuinusa na kupiga kengele. La tatu, ingawa gesi asilia ni nyepesi, ikivuja ingali baridi hutambaa chini kwanza kama ukungu kabla ya kupanda juu. La nne, lori likikaa siku nyingi bila kutembea, gesi ndani ya tenki hupata joto, hufura, na hatimaye hutolewa nje kwa valvu. Lori la namna hiyo halifai kufungiwa ndani ya shedi. Joto la Maungu na Voi mnalijua wenyewe.

Mambo manne hayo si magumu. Mtu aliyesoma darasa la saba huyaelewa kwa asubuhi moja akielezwa kwa lugha yake. Lakini nani atamweleza? Tumepata kuona kazini mtambo mpya ukiletwa na kitabu chake kikafungiwa kabatini, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza cha mainjinia, na fundi akaambiwa ajifunze kwa kutazama. Kwa mtambo wa kupandishia mizigo pengine mtu huponea chupuchupu. Kwa gesi hakuna kujifunza kwa kutazama.

Tukumbuke pia misiba iliyokwisha tupata. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka Sachang'wan karibu na Molo, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 10 Agosti 2019 mambo yale yale yakatokea Morogoro, na huko nako wakafa zaidi ya 100. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi ya mitungi lililipuka Embakasi, Nairobi, mahali palipokuwa pakijaza gesi katikati ya nyumba za watu, na Mamlaka ya Nishati ikasema ilikwisha kukataa maombi ya leseni ya mahali pale. Kumbe karatasi ya kukataa ilikuwako, lakini karatasi haizimi moto. Waliokufa na kuungua katika misiba hii wengi wao walikuwa watu kama sisi.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanya kazi wake habari, mafunzo na usimamizi, na mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama ambayo wafanya kazi wana wajumbe wao ndani yake. Ipo pia sheria ya fidia ya mwaka huo huo. Lakini kituo cha mafuta cha njiani huwa na watu sita au wanane tu, na utingo mara nyingi hana hata barua ya kuajiriwa. Kwa hiyo sheria inapita juu ya vichwa vyao kama ndege ya Mombasa. Hapo ndipo kazi ya chama ilipo.

Kuna wenzetu wa reli wanaosema: "Hayo ni ya watu wa malori. Gesi ikirahisisha lori, lori ni adui yetu. Tuinyamazie, tena tuombe isije." Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Kunyamaza hakuzuii kitu. Mwenye mzigo hutazama bei. Lori likitembea kwa mafuta ya nusu bei na treni ikabaki na dizeli, mzigo utatoka relini kwenda barabarani, na sisi ndio tutakaoambiwa tupunguzwe. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 inavutwa kwa dizeli. Tanzania wao reli yao mpya ya kutoka Dar es Salaam inakwenda kwa stima, na mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria mpaka Morogoro na Dodoma. Na kule Marekani, reli ya Florida East Coast ilizigeuza injini zake 24 za safari ndefu zikatumia gesi iliyopozwa pamoja na dizeli. Behewa la tenki hufungwa kati ya injini mbili likazilisha zote. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2017. Basi watu wa reli nao wana haki ya kuuliza: sisi mpango wetu ni upi, stima au gesi? Jibu lolote ni bora kuliko kungoja mpaka mzigo umekwisha kwenda.

Tena kuna neno la pili kwa hao wenzetu. Gesi yenyewe ni mzigo. Ikianza kusafirishwa kutoka Mombasa kwenda bara, itapakiwa wapi? Twaona yafaa ipakiwe relini katika mabehewa ya tenki, kuliko kuyapitisha malori mia usiku katikati ya soko la Maungu. Dereva wa lori husinzia peke yake. Treni ina watu wa kuitazama na ishara za kuilinda njia nzima.

Neno jingine ni kwa watu wa kwetu hasa. Misitu ya Kasigau inahifadhiwa, na tangu mwaka 2011 hati za hewa ya ukaa zimeuzwa kwa ajili yake. Gesi asilia ikivuja bila kuungua huitia dunia joto mara nyingi kuliko moshi wenyewe. Haifai tulinde miti mlimani huku bomba bovu linavuja barabarani. Fundi anayejua kuziba uvujaji analinda mkono wake na mlima wake pia.

Kwa hiyo twapendekeza tawi lipeleke mambo haya mbele:

1. Mtu yeyote asijaze wala kutengeneza gari la gesi mpaka amefundishwa na kupewa cheti, na mafunzo yawe kwa Kiswahili, kwa gharama ya mwajiri.

2. Glavu, ngao za uso na vyombo vya kunusa gesi viwe kituoni kabla ya gesi yenyewe kufika, visiwe vya kuahidiwa.

3. Vituo vya gesi visijengwe katikati ya nyumba na masoko, na wenyeji waulizwe kabla ya leseni kutolewa.

4. Mafundi wa dizeli wa sasa, wa relini na wa barabarani, wapewe nafasi ya kwanza ya kujifunza, na nafasi nyingine zitengwe kwa vijana wa wilaya njia inapopita.

5. Shirika la Reli lituambie mpango wake wa nishati, na wajumbe wa wafanya kazi wakae katika mazungumzo hayo tangu mwanzo.

Misheni tulisoma habari za wanawali kumi waliokwenda kumlaki bwana arusi. Watano walichukua mafuta ya akiba, watano hawakuchukua, na walipokwenda kununua mlango ukafungwa. Wote kumi walikuwa na taa, lakini ni watano tu waliojitayarisha. Chama chetu kina taa, maana kina wanachama, kina sheria na kina sauti. Kilichobaki ni kujitayarisha mapema, kabla lori la kwanza la gesi halijasimama Maungu likiomba kujazwa na kijana asiye na glavu.

Mkutano wa tawi ujao, ndugu, njooni na maoni yenu juu ya mambo haya matano. Anayeona tumesahau la sita, alilete. Na mwenye ndugu anayefanya kazi ya lori, aje naye, hata kama si mwanachama wetu.

Ni sisi wafanya kazi wa reli,
Makwasinyi.