Damu ya Majengo, Elimu ya Dunia

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifariki kijijini kwetu mwalimu mmoja, kwa ugonjwa ambao wakati ule hakuna aliyethubutu kuutaja kwa jina lake. Mjane wake alipimwa mara tatu, na mara zote tatu akaambiwa hana virusi. Badala ya kumshukuru Mungu pamoja naye, ndugu wa marehemu walikaa kikao. Walihoji: ikiwa mume amekufa na mke ni mzima, aliyemuua ni nani? Kabla ya arobaini kwisha, mama yule alifungashiwa virago yeye na wanawe wanne, kwa tuhuma za uchawi. Nilikuwa kijana wa sekondari. Nilisimama kando ya barabara, nikatazama, nikanyamaza.

Aibu ile ilinirudia mwezi uliopita, mwanafunzi wangu mmoja aliponiuliza swali la wale ndugu kwa lugha ya kisomi: “Mwalimu, inawezekanaje watu wawili waishi nyumba moja, wakutane na kirusi kimoja, mmoja aambukizwe na mwingine asalimike?” Mimi si mwanabiolojia; ninafundisha sera za jamii. Hata hivyo, jibu la swali hilo lina siasa ndani yake, na kwa sababu hiyo nimeona niliandike hapa.

Sehemu ya jibu imo katika jeni tunazorithi kwa wazazi wetu. Miongoni mwake kuna kundi liitwalo HLA, ambalo hutengeneza protini zinazokaa juu ya uso wa seli. Wasomaji wa Tanzania watanielewa nikisema kwamba protini hizo ni mfano wa balozi wa nyumba kumi. Kirusi kikiingia ndani ya seli, balozi huchukua kipande cha mgeni huyo na kukiweka mlangoni, ili askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wapitapo wakione na kuchukua hatua. Mabalozi hawafanani. Wapo wanaokishika vyema kipande cha kirusi fulani, na wapo wanaoshindwa. Aina iitwayo HLA-B*57, kwa mfano, imeonekana mara nyingi kwa watu ambao, ingawa wana Virusi vya Ukimwi, huchukua miaka mingi kabla ya kuugua hata bila dawa.

Mengi ya tunayoyajua kuhusu jambo hili yalianzia jirani kabisa na sisi. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, akiwamo Dakta Frank Plummer, walianza kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakiuza miili yao katika mtaa wa Majengo, Pumwani. Wengi waliambukizwa. Lakini wachache, mwaka baada ya mwaka, walikutana na kirusi kile bila kuambukizwa. Katika damu yao zilikutwa chembe nyeupe zilizokwisha kumtambua adui na kujifunza kumuua, na baadhi ya aina za HLA zilionekana kwao zaidi kuliko kwa wenzao walioambukizwa.

Hata hivyo, jeni si hatima. Baadhi ya wanawake hao waliopunguza au kuacha kazi ile kwa muda waliambukizwa baadaye. Maelezo waliyoyatoa watafiti ni kwamba huenda kinga yao ilihitaji kukumbushwa sura ya adui mara kwa mara. Na si kila asiyeambukizwa analindwa na jeni. Wengine husalimika kwa sababu mwenza wao ana virusi vichache mwilini, wengine kwa kinga walizotumia, wengine kwa bahati tu. Asitokee mtu akasoma makala haya na kujihesabu miongoni mwa waliobarikiwa.

Huko Ulaya hadithi ilikuwa tofauti. Mwaka 1996 iligundulika kwamba baadhi ya watu wenye asili ya huko, takriban mmoja katika kila mia, wamerithi kutoka kwa baba na mama jeni ya CCR5 iliyopungukiwa kipande. Jeni hiyo hutengeneza mlango ambao aina nyingi za VVU huutumia kuingia katika seli. Pasipo mlango, mgeni hubaki nje. Ugunduzi huo ulizaa dawa ya maraviroc mwaka 2007, na ndio uliomponya Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho wa mtu mwenye jeni hiyo mjini Berlin. Kwa Waafrika badiliko hilo ni nadra mno. Kinga ya wanawake wa Majengo ilitokana na njia nyingine.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linawahusu wanafunzi wa siasa, wanaharakati na watumishi wa umma. Elimu ya jeni ikifika mikononi mwa wenye mamlaka huweza kugeuzwa kisingizio. Mwaka 2020 tulisikia vijiweni, na hata majukwaani, kwamba damu ya Mwafrika haishikwi na korona. Madai hayo yalipata mfano wa ushahidi pale Hugo Zeberg na Svante Pääbo walipoonyesha, mwaka huo huo, kwamba kipande kimoja cha jeni kinachoongeza hatari ya kuugua sana kilirithiwa kutoka kwa Waneanderthali, kwamba ni cha kawaida Asia ya Kusini, na kwamba karibu hakipo Afrika. Lakini kukosa hatari moja si kuvaa ngao. Umri, maradhi mengine na uhaba wa oksijeni hospitalini havikusubiri kuulizia asili ya mtu. Tulizika. Serikali inayotegemea damu ya raia wake badala ya kununua mitungi ya oksijeni imewatelekeza raia hao.

Kisingizio cha pili ni cha kimataifa. Kufikia mwaka 2018, takriban asilimia 78 ya watu walioshiriki katika tafiti kubwa za kuhusisha jeni na maradhi walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa karibu asilimia 2. Na hii ndiyo bara yenye tofauti nyingi za jeni kuliko nyingine yoyote duniani, kwa kuwa binadamu ameishi hapa kwa muda mrefu zaidi. Dawa na vipimo vinavyotokana na tafiti hizo hushonwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mwingine, kisha sisi tunauziwa.

Pale tuliposhiriki, tulishirikije? Chanjo ya majaribio iliyobuniwa kwa kufuata kinga ya wanawake wa Majengo ilizua mgogoro mwaka 2000, ilipobainika kwamba hataza yake iliombwa Uingereza pasipo kuwashirikisha wanasayansi wa Kenya. Baadaye pande zile zilikubaliana kuwaingiza. Chanjo yenyewe haikufua dafu. Lakini tazama vizuri ni akina nani waliogombea: maprofesa wa kaskazini na maprofesa wa kusini. Wanawake waliotoa damu hawakuwa na kiti katika meza ile.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watafiti wale waliwapa wanawake hao matibabu, ushauri na kondomu, tena wakati ambapo jamii iliwatemea mate. Hilo nalitambua. Ila hisani si haki. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unadai mgawanyo wa manufaa kwa rasilimali za kijenetiki za mimea, wanyama na vijidudu. Za binadamu haumo. Mti wetu una mkataba, mama yetu hana.

Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na zote mbili zinazitaja taarifa za kijenetiki kuwa nyeti. Ni mwanzo mwema. Watumishi wa umma mnaopitia vibali vya utafiti, ulizeni sampuli zitahifadhiwa wapi, nani atazimiliki, na watoaji watarudishiwa nini. Wanaharakati, dai la maabara na wataalamu wetu wenyewe liwekeni mezani wakati wa bajeti, sawa na dai la barabara. Wanafunzi, jifunzeni sayansi hii kwa Kiswahili na muieleze kwa Kiswahili, kwani yule mama wa kijijini kwetu hakufukuzwa na kirusi. Alifukuzwa na ujinga wa waliomzunguka, na ukimya wetu sisi tuliokwenda shule.

Sikujua alikoishia. Ningemkuta leo, ningemwomba radhi kwanza, kisha ningemwambia kwamba huenda mwilini mwake mlikuwa na jambo ambalo dunia nzima ilikuwa ikilitafuta.